Kwa Washika Upatu wa London: Barua ya Wazi kwa Wenye Biashara Wenzangu

Leyton, London
Jumatano, 14 Mei 2025



Nianze na aibu yangu, asije mtu akasema nawanyooshea wengine kidole. Mwaka 2017 nilikuwa kijumbe, yaani mshika upatu, wa watu 12 hapa mashariki ya London. Wengine mtauita mchezo, Wakenya mtasema chama. Jambo ni lile lile. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alileta pauni 200, nikazihesabu, nikazitia kwenye bahasha, na Jumapili nikamkabidhi aliyefikiwa na zamu. Mwaka mzima haikupotea hata peni. Mwezi mmoja gari langu la kazi liliua injini njiani, na kabatini kwangu zilikuwepo pauni 2,400 za watu. Sikuzigusa. Nilikwenda kuazima kwa shemeji.

Shemeji alikuwa na nusu tu. Nusu iliyobaki niliitoa kwenye akaunti ya kampuni yangu ndogo ya usafi wa maofisi, na fedha zilizokuwamo mle zilikuwa kodi na Bima ya Taifa nilizowakata wafanyakazi wangu sita kwenye mishahara yao. Wala usingizi haukunipotea. Fedha za watu ninaokutana nao msikitini na harusini niliziona amana. Za watu waliokuwa wakiamka saa kumi alfajiri kupanda basi la usiku kwenda kupangusa meza za mabenki niliziona mtaji. Mwaka ule nilichelewesha malipo ya PAYE, yaani makato hayo ya mishahara, mara saba, nikapigwa adhabu na riba, na deni nikalimaliza kwa awamu za miezi kumi. Kampuni ile haipo tena. Siku hizi nafanya hesabu za mishahara za watu wengine: migahawa, saluni, wenye wahudumu wa wazee majumbani, na fundi mmoja wa magari ambaye hesabu zake huniletea zikiwa na mafuta ya injini.

Tangu tarehe 6 Aprili simu yangu haijapoa. Wote mnalia na Bima ya Taifa iliyopanda, na kilio hicho nakielewa. Lakini nikifungua makabrasha yenu nakuta tunafanya kinyume. Ziko fedha ambazo hatuna ruhusa ya kuzigusa, nazo ndizo tunazozila. Yako madai tunayopaswa kuyagombania mpaka mwisho, nayo ndiyo tunayoyanyamazia, bahasha ikikaa juu ya friji haijafunguliwa. Hilo tu ndilo lililonifanya niwaandikie.

Chukueni mfanyakazi mmoja wa pauni 25,000 kwa mwaka. Pauni 12,570 za mwanzo hazitozwi kodi. Zinabaki 12,430. Hizo zinakatwa asilimia 20 ya kodi ya mapato, ambayo ni pauni 2,486, na asilimia 8 ya Bima ya Taifa, ambayo ni pauni 994. Jumla ni kama pauni 290 kila mwezi. Hizo ni za mfanyakazi. Hazijawahi kuwa zako hata dakika moja. Zinapita kwenye akaunti yako kama abiria anavyopita kituo cha Stratford akibadilisha treni. Wewe hapo ni kijumbe.

Fungu la pili ndilo lako, nalo ni Bima ya Taifa ya mwajiri. Katika bajeti yake ya 30 Oktoba 2024, Waziri wa Fedha Rachel Reeves aliipandisha kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na akashusha kiwango inapoanzia kutoka pauni 9,100 hadi 5,000. Kwa mfanyakazi yule yule wa pauni 25,000 ulikuwa ukilipa 2,194; sasa ni 3,000 kamili. Hilo ni deni lako, linatoka mfukoni mwako, na una haki ya kulilalamikia kwa mbunge wako, kwa mkeo na hata kwa ukuta.

Najua kwa nini tunayachanganya mafungu haya. Yote mawili yanaingia katika malipo yale yale ya mwezi, kwenye kiasi kimoja, na benki haiandiki hii amana na hii deni. Halafu liko jambo la zamani zaidi. Sisi neno kodi tulilirithi likiwa na kiboko: kodi ya nyumba ya Wajerumani, kodi ya kichwa ya Waingereza, bibi na babu wakijificha porini askari wa kodi akipita. Kumkwepa mtoza kodi kulikuwa ushujaa, na mpaka leo mjomba anayesimulia alivyomzunguka afisa wa kodi wa TRA kule Tanzania anapewa kiti cha mbele. Kwa hiyo tunapoficha, mioyoni tunaona tunamficha mkoloni. Ila kwenye PAYE aliyekatwa si wewe. Mariamu wa jikoni ndiye aliyekatwa, na slipu yake ya mshahara inasema amelipa.

Utaratibu wenyewe ni mtoto wa vita. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Mwingereza wa kawaida hakujua kodi ya mapato ni kitu gani. Waliolipa walilipa kwa mafungu mawili kwa mwaka. Vita vikala fedha, serikali ikawashukia mamilioni ya wafanyakazi wa viwandani, na mtu anayelipwa kwa wiki huwezi kumdai mara mbili kwa mwaka, atakuwa keshazitumia. Aprili 1944 wakaanza kukata juu kwa juu, mwajiri akiwa mkusanyaji. Tangu siku ile mwajiri wa Uingereza anafanya kazi ya serikali pasipo kulipwa hata nauli. Hilo ni lalamiko la haki, nami nalitia saini. (Na mkijiuliza kwa nini mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili, tarehe isiyo na kichwa wala miguu, ni mabaki ya kalenda ya kale na zile siku 11 zilizorukwa mwaka 1752. Sisi wenye Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Makunduchi unaoanza Julai, hatuna la kuwacheka.)

Sheria yenyewe inakiri kwamba fedha hizi ni za aina mbili. Tangu tarehe 1 Desemba 2020 kampuni ikifilisika, HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, inapanda foleni mbele ya wadai wengi kwa ajili ya kodi na Bima ya Taifa iliyokatwa kwa wafanyakazi. Kwa Bima ya Taifa ya mwajiri haipandi. Hapo inasimama nyuma pamoja na mwenye duka la nyama anayekudai. Someni tena. Kilichokatwa kwa wengine kina heshima ya amana, na kilicho deni lako ni deni kama madeni mengine.

Na wale wanaosema kampuni ni ngao, ikifa nafungua nyingine kwa jina la shangazi, wasikilize. Bima ya Taifa isiyolipwa kwa sababu ya udanganyifu au uzembe wa wakurugenzi inaweza kuhamishiwa kwa mkurugenzi mwenyewe, nyumba yake na gari lake. Na anayefungua kampuni mpya juu ya kaburi la ile yenye deni anaweza kutakiwa aweke dhamana ya PAYE kabla hajaendelea. Ushauri wangu hapa ni wa kijumbe, si wa mwanasheria: fungua akaunti ya pili ya benki. Siku ya mishahara, kabla hujawalipa wenye nyama na wenye gesi, hamishia huko makato yote. Usichukue kadi ya akaunti hiyo.

Hayo ndiyo ya kutogusa. Sasa nije kwenye ya kugombania, maana ndiko fedha zenu zinakopotelea kimya kimya.

Bajeti ile ile iliyotuumiza ilipandisha pia unafuu wa waajiri, unaoitwa Employment Allowance, kutoka pauni 5,000 hadi 10,500 kwa mwaka. Nimewapigia hesabu. Mwenye wafanyakazi sita wa pauni 25,000 kila mmoja alikuwa akilipa Bima ya Taifa ya mwajiri ya pauni 8,165 baada ya unafuu wa zamani. Chini ya viwango vipya analipa 7,500. Amepata nafuu! Akiajiri wa saba ndipo kibao kinapogeuka, na akifika kumi anakuwa ameongezewa zaidi ya pauni 2,500. Mwenye watatu halipi kitu. Wengi wenu mna watatu au wanne, na bado mmenipigia simu mkilia. Nilipowauliza mmeudai unafuu huo, kimya. Unafuu hauji wenyewe kama mvua ya vuli. Unadaiwa kwenye programu ya mishahara, na unadaiwa upya kila mwaka wa kodi. Ambaye hakuudai miaka iliyopita anaweza kurudi nyuma mpaka miaka minne. Juzi nimemkuta mama mmoja mwenye saluni hajaudai tangu aajiri, tumeanza kuandika. Wasiostahili wapo, na mkubwa wao ni kampuni ya mkurugenzi mmoja asiye na mwajiriwa mwingine, na hao kwetu ni wengi. Wanaofanya zaidi ya nusu ya kazi zao kwa sekta ya umma nao waulize kwanza kabla ya kudai.

La pili ni taarifa ya mwezi. Tangu Aprili 2013 taarifa ya mishahara inatakiwa ifike HMRC siku ya malipo au kabla yake, si baada. Mwenye wafanyakazi mmoja mpaka tisa akichelewa adhabu yake ni pauni 100 kwa mwezi. Kosa la kwanza la mwaka husamehewa. Lakini kuna mtego unaowanasa wa kwetu hasa. Mgahawa unafungwa mwezi mzima wa Ramadhani kwa ukarabati, hakuna aliyelipwa, mwenye mgahawa anasema hakuna cha kutuma. Kipo. Unatuma taarifa ya sifuri kabla ya tarehe 19. Usipoituma, kompyuta yao inakadiria ulichopaswa kulipa kwa kuangalia miezi ya nyuma, na deni la kubuni linaingia kwenye hesabu yako. Nimeona watu wakililipa deni kama hilo kwa woga, kwa awamu, wakishukuru. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, ila kwanza liwe deni.

Halafu kuna hili la kusema wote nimewaandika wamejiajiri. Mpishi anaingia saa nne asubuhi, anavaa aproni yako, anatumia jiko lako, ukimwambia leo ni biriani anapika biriani, hawezi kumtuma binamu yake aje badala yake, na likizo anaomba kwako. Huyo ana biashara gani? Majaji wa nchi hii walishaliweka wazi tangu mwaka 1968, katika kesi ya kampuni ya zege iitwayo Ready Mixed Concrete. Wanauliza kama mtu anatoa kazi yake mwenyewe kwa malipo, kama anayemlipa anamtawala kiasi cha kutosha, na kama mambo mengine ya mkataba yanafanana na ajira. Septemba 2024 Mahakama ya Juu iliyatazama maswali hayo tena kwa waamuzi wa mpira wa miguu wanaochezesha mechi za mwisho wa wiki, ikaona hata mkataba wa mechi moja tu unaweza kuwa na yale mawili ya mwanzo. Ikiwa refa wa Jumamosi moja anaulizwa hivyo, mpishi wako wa siku sita ataulizwaje?

Hapa wengi hunirushia Uber. Kweli, Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wale ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo, na wengi waliokuwa wakifuatilia kesi ile ni vijana wetu wenye magari. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa sheria ya kazi. Sheria ya kazi ina vyumba vitatu: mwajiriwa, mfanyakazi, na aliyejiajiri. Kodi ina vyumba viwili tu. Mtu anaweza kuwa na haki ya likizo kwako na bado kodi yake akailipa mwenyewe. Kwa hiyo msitishwe kwa jina la kesi, wala msijifiche nyuma yake. Angalieni kazi inavyofanyika.

HMRC ikiona uliwaita waliojiajiri watu ambao ni waajiriwa, inakudai wewe kodi ambayo hukuikata. Kwa kawaida inarudi miaka minne. Ukionekana mzembe kwenye kodi, sita. Ukionekana ulikusudia, ishirini. Adhabu ya uzembe haizidi asilimia 30 ya kodi iliyokosekana, na ukijisema mwenyewe kabla hujaulizwa inaweza kushuka mpaka sifuri. Ya kukusudia na kuficha inafika asilimia 100. Ndiyo maana neno moja katika barua yao, uzembe au makusudi, lina thamani ya gari. Ukilikubali bila kusoma umejinunulia miaka kumi na minne ya ziada. Hapo ndipo pa kupigana: si kusema sikufanya, bali kuonyesha ulifanya kwa ufahamu gani, ulimuuliza nani, ulihifadhi karatasi gani.

Na namna ya kupigana ni rahisi kuliko tunavyodhani. Barua ya uamuzi ina tarehe juu. Una siku 30 kuanzia tarehe hiyo, na si siku uliyopata ujasiri wa kuifungua, kuandika kwamba hukubali na kwa nini. Unaweza kuomba uamuzi upitiwe na afisa mwingine asiyehusika na kesi. Kwa kawaida ana siku 45. Akikukatalia, una siku 30 nyingine kwenda Baraza la Kodi la ngazi ya kwanza, ambalo si HMRC. Kufungua rufaa huko hulipii ada. Katika kesi za kawaida ukishindwa hutwishwi gharama za mwanasheria wa serikali. Mkalimani wa Kiswahili unaomba, hulipii. Wanaotoka Tanzania mtakumbuka kule kwetu ili pingamizi lako lipokelewe sharti uweke kwanza theluthi ya kodi uliyokadiriwa, au kiasi usichokibisha kama ni kikubwa zaidi. Hapa, kwa madai ya PAYE, unaweza kuomba malipo ya kile kinachobishaniwa yasimame mpaka iamuliwe. Riba tu ndiyo haisimami.

Kesi nyingi za London zimesikilizwa Taylor House, barabara ya Rosebery. Nikitaja jina hilo naona baadhi yenu mnakunja uso, maana jengo hilo hilo ndilo mlilokwenda kwa mambo ya makaratasi ya uhamiaji, na kumbukumbu zake si tamu. Naelewa. Nimempeleka mtu mmoja pale kwa adhabu za kodi, akatetemeka mlangoni kana kwamba anakwenda kurudishwa kwao. Nilimwambia, leo wewe ndiye uliyewaita. Alishinda adhabu tatu kati ya tano.

Alishinda kwa kile kinachoitwa sababu ya msingi. Si kila sababu inafaa. Kukosa fedha peke yake hakufai, isipokuwa kulisababishwa na jambo lililo nje ya uwezo wako. Kusema mhasibu wangu alichelewa hakufai, isipokuwa uonyeshe ulimfuatilia kama mtu makini anavyomfuatilia. Kuugua, kuuguza, kufiwa, hayo yanasikilizwa, mradi jambo lilipopita ulirekebisha upesi. Na lipo lililonishangaza: mwaka 2018, katika kesi ya Perrin, Baraza la Juu la Kodi lilikataa ule msemo kwamba kutojua sheria si sababu kamwe. Likasema zipo sheria nyepesi zinazojulikana na wote, na zipo zisizo nyepesi, na kila mtu atazamwe katika hali yake. Kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza ukubwani, huo ni mlango. Ila mlango haufunguki kwa aliyenyamaza.

Mnaouguza wazee majumbani, nina neno nanyi peke yenu. Mei 2025 serikali ilitoa waraka wa uhamiaji uliokusudia kufunga njia ya kuleta wahudumu kutoka nje, kwa hiyo mlio na leseni ya kudhamini mtaangaliwa kwa darubini. Mshahara uliouandika kwenye cheti cha udhamini na ule unaoonekana PAYE lazima isomane. Msimlipe mtu nusu benki, nusu mkononi. Na kima cha chini, kilichokuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, kinahesabu pia dakika za mhudumu ndani ya basi akitoka kwa mzee wa Ilford kwenda kwa bibi wa Dagenham. Hizo ni kazi. (Kulala zamu nyumbani kwa mgonjwa ni habari nyingine, Mahakama ya Juu ilisema Machi 2021 kwamba saa za usingizi hazihesabiwi.) Aliyekuwa akisimamia kima hicho mwaka 2025 ni HMRC hao hao. Ukipunja, unalipa ulichopunja pamoja na adhabu mpaka mara mbili yake, na jina la kampuni linaweza kuchapishwa hadharani. Kwa kijiji kama chetu, hilo la mwisho ndilo zito.

Wale wanaotumiwa ujumbe wa WhatsApp na bwana anayeahidi kuhamishia wafanyakazi wako kwenye vikampuni vidogo vidogo ili Bima ya Taifa ipotee, mfungieni namba.

Mtaniuliza, nawe HMRC unawaonaje? Sina mapenzi nao. Wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali walisema mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022-23 wateja kwa pamoja walitumia miaka 798 wakisubiri kwenye simu. Miaka 798! Januari 2025 kamati ya Bunge ikasema karibu watu 44,000 walikatiwa simu baada ya kusubiri dakika 70. Machi 2024 walitangaza kufunga simu ya wanaojikadiria kodi wenyewe nusu mwaka, wakaugeuza uamuzi kesho yake kwa kelele za watu. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025 aliyechelewa kuwalipa alitozwa riba ya asilimia 8.5, na wao walipochelewa kukurudishia chako walikupa 3.5. Kijumbe wa mtaani akifanya hivyo atatolewa kwenye mchezo siku hiyo hiyo. Yote haya ni ya kusemwa, na barua hii isingekuwa na haya ungesema nimetumwa.

Lakini ugomvi na mtu wa namna hiyo hauendeshwi kwa simu wala kwa kununa. Andika. Weka nakala. Ukiongea na mtu kwenye simu andika jina lake, saa na alichosema. Na kama tatizo si ubishi bali huna, sema huna kabla ya tarehe, uombe kulipa kwa awamu. Aliyeomba mapema anasikilizwa kuliko aliyefuatwa. Mimi niliomba baada ya kuchelewa mara saba, nikakubaliwa, ila afisa aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu: wafanyakazi wako walipokea mshahara kamili, au uliwakata?

Basi. Mwezi wa kodi umekwisha tarehe 5. Makato yanatakiwa yawe yamefika Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 22, kwa wanaolipa kwa benki. Wenye hundi ya posta ni tarehe 19. Kabla ya tarehe 31 kila aliyekuwa kazini kwako mwisho wa mwaka wa kodi awe ameshapewa mkononi P60 yake, ile hati ya mshahara na makato ya mwaka. Wengi wanaihitaji kwa ombi la viza au la mkopo wa nyumba, na ni aibu mtu kukuomba mara tatu.

Jumapili upatu ukishagawiwa nitakuwepo pale pale ukumbini mpaka jioni. Njooni na bahasha, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa. Msiwaachie watoto wawasomee njiani. Tutaanza na zile zenye tarehe ya Aprili, maana hizo siku zake bado hazijaisha zote. Chai itakuwepo.

Wenu,
kijumbe wa zamani